Mate ya Namba Kumi na Nne

Jamani, tangu Jumapili nikikumbuka tu nacheka peke yangu barabarani, mpaka jana muuza magazeti kaniuliza kama nina homa. Nimesimulia mara sita sasa na kila nikisimulia kuna mtu ananikatiza, kwa hiyo safari hii naiandika yote, moja kwa moja, mtu asiniulize "na bibi alikuwa wapi?" kabla sijafika kwa bibi.

Mnamjua Kaliroi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yule mwalimu wa chekechea mwenye mabega ya kubebea kabati. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake. Desemba anafikisha thelathini na tano, na kwenye mashindano ya ukakamavu ukifika umri huo unahamishiwa kundi la wakongwe, unashindana na watu wanaozungumzia magoti yao muda wote. Wanawake ishirini na nne wamekuja hapa mjini Volos kushindana siku tatu, na watatu tu wa kwanza ndio wanaokwenda mashindano makubwa ya Ulaya. Mwaka juzi Kaliroi alikuwa wa tano. Mwaka jana alikuwa wa nne, akalia ndani ya gari langu mpaka vioo vikajaa ukungu nikashindwa kuendesha.

Kwa hiyo sasa au basi tena. Hilo mliweke kichwani.

Mimi nilikuwepo kikazi. Profesa Haritini, anayesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni, alikuwa amepata kibali cha kupima miili ya hao wanawake kila asubuhi ya mashindano. Yaani, binadamu ukimwambia aogelee baharini, akitoka akimbie, akimaliza ainue vyuma, kesho atembee kwa mikono miguu juu, keshokutwa apande kamba na gunia la mchanga linamsubiri chini, ndani ya mwili wake kunatokea nini? Tulipima vitu vitatu. Tone la damu la kidoleni, kwa sababu msuli ukichanika unavujisha vitu vyake kwenye damu na mashine inaviona. Kuruka juu ya ubao maalumu, kuona miguu bado ina springi au imebaki mbao. Na mate, kwa ajili ya homoni ya msongo. Asubuhi kabla ya kula, kabla ya kahawa, kabla hata ya mswaki, unatema ndani ya kichupa chenye namba yako mpaka kwenye mstari wake, na baada ya robo saa kimashine kinakupa jibu. Chini ya kumi, umetulia. Kumi mpaka ishirini ni njano, mwili unalalamika. Ukipita ishirini, ni nyekundu.

Kazi ya mate nilipewa mimi.

"Zinovia," Profesa aliniambia, "kichupa kisitoke machoni pako."

"Hakitoki, Profesa."

Daktari wa mashindano, Daktari Prodromos, mtu mrefu mwembamba anayeongea kama anasoma maelezo ya dawa, aliweka sharti na wanawake wote wakatia saini: kila kipimo kina mstari wake mwekundu, na atakayevuka miwili anatolewa. Hata kama anaongoza. Mwaka mmoja huko alikowahi kufanya kazi, mtu alijilazimisha mpaka figo zikagoma, na hataki kuliona tena. Siwezi kumlaumu.

Haya, sasa ndiyo tunafika kwa bibi.

Bibi Evlambia ana miaka themanini na moja, na kwenye mashindano ya Kaliroi hakosi. Anakuja na mto wa kukalia, kikapu cha pai za jibini, mikate ya duara ya ufuta, na mdomo. Na kama mjuavyo, sisi mtu akisifiwa lazima atemewe mara tatu, ftu ftu ftu, jicho baya lisimpate. Watu wa kawaida wanatema hewa tu, sauti inatosha. Bibi hana imani na hewa. Bibi anatema. Siku ya harusi ya mjomba, bibi harusi aliingia kanisani mkavu akatoka kama kapitia mvua.

Ijumaa saa moja asubuhi tumepanga meza yetu pembeni ya uwanja, chini kabisa ya viti vya watazamaji, kuna uzio mfupi tu wa chuma katikati. Kaliroi kaja, mdomo mkavu kwa woga. Katema, katema, limetoka tone moja la kuonea huruma.

"Hayatoki, Zino."

"Fikiria ndimu."

"Nikifikiria ndimu nataka kutapika."

Hapo hapo wakamwita akaruke, na yule wa kushika ubao hakuwepo. Nikakiweka kichupa kwenye kitoroli cha vichupa pamoja na vya wenzake, nikaenda kushika ubao. Dakika mbili. Tatu. Niliporudi kichupa chake, namba kumi na nne, kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari, hata kimepita kidogo. Nikasema, hee, kumbe alirudi akamalizia, mwanamke hodari. Nikaziba, nikapima.

Jibu: nne.

Nne! Wenzake wako kumi na moja, kumi na tatu, mmoja kutoka Kavala yuko kumi na tano na mguu unamcheza hata akiwa amekaa. Nikamkimbilia Kaliroi.

"Dada! Umetulia kama mtu aliyetoka kulala mchana!"

"Mimi?" akasema. "Usiku kucha nimeota nazama."

"Hizo ni ndoto. Mwili wenyewe unasema nne."

Akaniangalia, akaangalia mikono yake, kama anaiuliza ilimficha nini. Kisha akaenda baharini akaogelea kama kuna kitu kinamfukuza. Jioni alikuwa wa tatu.

Jumamosi asubuhi ndiyo ningependa muione ile sehemu ya kupimia. Wanawake wenye nguvu kuliko wote Ugiriki wanashuka ngazi kinyumenyume, wameshika uzio, kwa sababu mapaja hayakubali kushuka kwa mbele. Mmoja hawezi kuinua mikono avue jaketi, anazungukazunguka akitafuta wa kumvua. Mwingine ananiambia kwa sauti ya chini kabisa, "Naomba usinichekeshe, naomba sana, nikicheka tumbo linakatika." Mwingine pua inamwasha, anataka kupiga chafya, na ukumbi mzima umenyamaza unamwonea huruma. Chooni mlangoni kuna foleni, na si kwa wingi wa watu. Ni kwamba kila anayeingia anachukua dakika nne kukaa na nne nyingine kusimama.

Kaliroi naye viganja vimechubuka, na kamba za viatu nimemfunga mimi.

"Leo nimekufa," ananiambia. "Andika hapo, amekufa."

"Tema kwanza."

Katema. Tone. Wakamwita kuruka, yule wa ubao kachelewa tena, na mimi, jamani, mnajua nilichofanya. Niliporudi, kichupa kimejaa.

Jibu: tano.

Wenzake sasa wako kumi na sita, kumi na nane, kumi na tisa. Damu zao zote zimepanda, ya Kaliroi pia imepanda mno, yaani misuli yake inavuja kama ya wenzake. Lakini homoni ya msongo, tano. Profesa Haritini akaishika ile karatasi akatembea nayo mpaka mwisho wa ukumbi akarudi nayo.

"Misuli imechanika," akasema, "na mwili hauna habari."

"Ni ajabu, Profesa?"

"Mtoto wangu, kama hii ni kweli, utafiti wako hausomwi na mimi peke yangu."

Si nikapaa! Nikaanza kuwaambia watu. Niliwaambia waamuzi, nikamwambia muuza maji. Kufika saa nne wanawake wengine wanamuuliza Kaliroi anakula nini, analala upande gani. Yule wa Kavala, Stamatia, aliye wa nne, akamfuata kwenye kona ya kunyooshea viungo.

"Kumbe wewe huumwi?"

"Naumwa mpaka nywele."

"Acha uongo. Mdogo wako kasema una mwili wa chuma."

"Mdogo wangu ana mdomo wa kengele."

Lakini niliona aliponyanyuka pale. Alinyanyuka kama mtu aliyeambiwa siri nzuri. Kila alipotaka kusimama apumzike siku ile, mimi pembeni napiga kelele, "Tano, dada! Tano!" na yeye anaendelea bila kupumzika. Alimaliza bado wa tatu, pointi moja tu mbele ya Stamatia, akalala chali sakafuni akiangalia taa za darini. Ilibidi tumgeuze watu wawili tumwinue.

Jumapili. Fainali saa sita mchana. Ukumbi umejaa tangu asubuhi, na juu kwenye viti nimesikia vurugu, sauti ya bibi ikiwa mojawapo, sikujali, sauti ya bibi huwa mojawapo. Nikafanya yale yale: tone, ubao, kurudi, kichupa kimejaa. Nikapima huku natabasamu.

Ishirini na saba.

Nikakipiga kimashine kidogo kwa kiganja. Nikapima tena. Ishirini na saba. Hakuna hata mmoja aliyefika ishirini na moja siku zote tatu. Kuruka kwake kumeshuka lakini bado mstari haujavukwa. Ila damu, asubuhi ile, ilikuwa nyekundu.

Damu na mate. Miwili.

Daktari Prodromos alisoma mara moja. "Namba kumi na nne anatoka."

"Daktari, ngoja..."

"Siku mbili mwili haukusema kitu, siku ya tatu umepiga yowe. Hicho ndicho ninachokiogopa. Anatoka."

Kaliroi alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija. Alikaa chini pale pale, juu ya sakafu, kitu ambacho asubuhi hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa anakiweza, alianguka tu.

"Ijumaa niliwaambia naogopa, mkaniambia nimetulia," akasema taratibu. "Jana nikasema nimekufa, mkaniambia mimi chuma. Leo ndiyo nimeamka nikajisikia, sijui, kama naweza. Mnaniambia nimekwisha. Basi mimi ndani humu nani anakaa? Mbona hatujuani?"

Nilitaka sakafu inimeze. Nikachukua kile kichupa, sijui kwa nini, labda ili nisimwangalie usoni. Nikakiinua kwenye mwanga.

Ndani kulikuwa na punje ya ufuta.

Moja, inaelea, imetulia zake. Nikanusa. Kahawa.

"Kaliroi, umekula nini leo?"

"Nimekula nini! Umenikataza. Nina njaa ya kula hii meza."

"Kahawa?"

"Zino, usinitaje kahawa."

Nikainua macho polepole. Juu kidogo ya meza yetu, kwenye kiti cha kwanza kabisa kando ya uzio, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kitoroli cha vichupa, amekaa Bibi Evlambia, juu ya mto wake, ana mkate wa duara mkononi, anatafuna.

"Bibi," nikasema. "Njoo kidogo."

"Nisimame, yule mwanamke anichukulie kiti tena?" Akamnyooshea kidole mama yake Stamatia, aliyekaa viti viwili kando, mashavu mekundu. "Nimeamka saa kumi nakaanga pai, nimeiacha ibada, na Jumapili yenyewe! Miaka sitini sijaiacha. Nafika hapa nakuta kakalia mto wangu. Mto wangu!"

"Bibi, hivi vichupa. Umevigusa?"

"Vingine sijavigusa. Mimi si mtu wa kuingilia watu. Nimegusa cha mtoto wetu."

Daktari akageuka. Profesa akavua miwani.

"Umekigusaje, bibi?"

"Nimekitemea, nimekigusaje! Si ndivyo mnavyofanya siku hizi? Nikasema hawa wasomi wana akili, badala ya kumtemea mtu usoni mbele za watu, kila mmoja kawekewa kichupa chake na namba. Nikaangalia: vya wenzake vyote vimejaa, maana wana watu wao. Cha mtoto wetu kina tone moja." Sauti ikamtoka puani. "Nikasema, mjukuu wangu hana mtu? Ni yatima? Nikamjazia. Ftu, ftu, ftu, mpaka kwenye mstari."

"Ijumaa pia?"

"Ijumaa, Jumamosi na leo. Leo kidogo mate yalikuwa mazito kwa hasira, lakini nilimaliza."

Pale sakafuni, Kaliroi akaanza. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kila akicheka tumbo linamkata, analishika, anasema "ai, ai, mama," na anacheka tena.

"Siku mbili," akasema, "siku mbili nimekimbia na mwili wa bibi!"

Profesa Haritini alikuwa anaangalia ile karatasi yake nzuri kama mtu aliyepewa mtoto akamkuta si wake. Akaniangalia mimi. Angenipigia kelele ingekuwa afadhali.

Daktari hakucheka. "Hii ni hadithi," akasema. "Kila mtu ana bibi. Fainali ni saa sita, sasa ni saa tano na nusu, kupima robo saa. Atatema mbele yangu, kichupa kipya, mkononi mwangu. Kikijaa kwa wakati, nitasoma. Kisipojaa, ametoka."

"Tumpe ndimu alambe," nikasema.

"Hakuna kitu mdomoni," akasema Profesa, na sauti ilikuwa ya barafu. "Ndimu inaharibu kipimo. Kwa leo tumeharibu vya kutosha."

Kaliroi akasimamishwa, akashika kichupa mbele ya Daktari. Akatema. Hewa. Akatema tena. Amekunywa bahari nzima Ijumaa na hana hata tone Jumapili. Dakika tano zimepita. Wanawake wengine wamekuja kuangalia, na Stamatia naye yupo, mikono kifuani.

"Tulia," nikamwambia.

"Usiniambie nitulie! Usiniambie tena katika maisha yako nitulie!"

Ndipo bibi alipoinuka. Kiti akakiacha wazi kabisa, mto juu yake, hakuangalia nyuma. Akaja mpaka kwenye uzio.

"Mwanangu," akasema, "unakumbuka zile plamu mbichi za uani? Za kijani, kabla hazijaiva, ngumu. Ulikuwa unaniibia chumvi jikoni unajaza mfukoni, unapanda mtini. Ukiing'ata inapasuka, twaa! Maji yale makali yanakupiga hapa, chini ya sikio. Jicho moja linajifumba lenyewe."

Kaliroi akameza.

"Usimeze, usimeze!" nikapiga kelele.

"Na wewe hungoji, unaichovya chumvi pale ulipoing'ata, unaing'ata tena. Halafu nakuita chakula tayari, na chakula chenyewe ni vile visamaki, vimetoka mafutani vinapiga kelele bado, nashika ndimu kubwa, naikata, naikamua, naikamua tena na ile nusu nyingine, na unalamba sahani, mimi najifanya sioni..."

Mate yakaanza. Nyuzi nyembamba kwanza, kisha kweli kweli, ndani ya kichupa, mbele ya Daktari.

"...na pilipili za siki zile za babu yako, za mtungini, ukifungua tu chumba kizima kinakohoa..."

Jamani, ukumbi mzima ulikuwa unameza. Profesa alikuwa anameza. Yule mwanamke asiyeweza kuinua mikono mate yalimfika kidevuni na hana wa kumfuta. Nilimwona Daktari Prodromos, kwa macho yangu haya, koo likipanda na kushuka. Stamatia akasema, "Bibi, nyamaza, tuna fainali!" na bibi akasema, "Nawe mwanangu nitakuletea, huna kosa, kosa ni la mama yako."

Kichupa kikafika kwenye mstari. Daktari akakiziba mwenyewe, akakipima mwenyewe. Robo saa tumesimama tukiangalia kimashine kama sufuria ya maziwa.

Kumi na nane.

"Njano," akasema Daktari. "Amechoka."

"Nimechoka!" Kaliroi akapiga kelele, akaniinua juu, na aliponiinua akalia "ai!" akanishusha. "Umesikia, Zino? Nimechoka kama watu!"

"Anaruhusiwa," akasema Daktari. Kisha akaiangalia tena ile karatasi ya kwanza, ishirini na saba, akageuza kichwa chake kirefu taratibu mpaka kikasimama kwa Bibi Evlambia. "Lakini hii namba ina mwenyewe. Bibi, umekunywa kahawa ngapi?"

"Moja."

"Bibi."

"Nne. Vikombe vyenyewe vidogo."

Akampima shinikizo la damu hapo hapo. Sitawaambia lilikuwa ngapi, mama akisoma hii atakuja na gari la wagonjwa. Akamwambia anakwenda kulala chumba cha huduma, miguu juu, hakuna fainali, hakuna kelele.

"Nani, mimi? Umesema miwili!" bibi akang'aka. "Nimesikia kwa masikio yangu, mtu anatolewa akivuka mistari miwili! Mimi nimevuka mmoja! Nipeleke kwenye ubao, nitaruka!"

Ilibidi tumpeleke watu watatu. Mlango wa chumba ukaachwa wazi nusu, kitanda kikasogezwa, na kutoka hapo alikuwa anaona kamba moja. Kwa bahati ilikuwa ya Kaliroi.

Fainali nitaisema kwa ufupi kwa sababu nilikuwa nimefumba macho karibu muda wote. Kupanda kamba, kubeba gunia la mchanga kwenda na kurudi, kuinua chuma, raundi nne. Siku mbili zile Kaliroi alikuwa anakwenda bila kusimama kwa sababu mimi mpumbavu nilimwambia hajachoka. Jumapili alisimama. Kila baada ya gunia aliliweka chini, akalikalia, akavuta pumzi tano, nikazihesabu, tano, akanyanyuka. Watu wakawa wanampigia kelele, "Inuka, wewe! Unasubiri basi?" Stamatia alimpita raundi ya pili akaenda mbele kabisa bila kupumzika hata mara moja. Raundi ya nne, katikati ya kamba, mikono ya Stamatia ikasema imetosha. Akabaki pale ananing'inia, hapandi, hashuki, uso umevimba. Kaliroi akakalia gunia lake. Moja, mbili, tatu, mama yangu, nne, tano. Akanyanyuka akapanda taratibu kama mtu anayekwenda kuanua nguo, na kutoka chumba cha huduma tukasikia "Ftu! Ftu! Ftu!" na sauti ya Daktari, "Bibi, unatemea mto wangu!"

Wa tatu. Pointi mbili mbele ya Stamatia. Dada yangu anakwenda mashindano ya Ulaya.

Alikuja chumba cha huduma anatembea kinyumenyume kwa sababu ya ngazi, viganja vimefungwa vitambaa, akajitupa kando ya kitanda cha bibi na kitanda kikalia. Bibi akamshika kichwa, akambusu, akamtemea kweli kweli. Hakujifuta.

Profesa Haritini alikuwa mlangoni na karatasi zake. Bado alikuwa hajanisemesha. Ameniambia jana kwamba namba kumi na nne inafutwa kwenye utafiti, siku zote tatu, na naandika kurasa mbili za kueleza kwa nini, kwa lugha ya kitaalamu, na neno "bibi" lisionekane. Nimejaribu. Nimefika "chanzo cha pili cha mate, cha umri mkubwa, kisichoshiriki." Bibi akisoma hiyo "kisichoshiriki" nimekwisha.

Kwa sababu pale kitandani, alipomaliza kumbusu Kaliroi, alimgeukia Profesa akamuuliza kwa heshima zote:

"Na mimi, mama?"

"Wewe nini, bibi?"

"Siku tatu mnanipima pamoja nao. Nimekuwa wa ngapi?"

Profesa akaangalia karatasi. Nilimwona anapigana na mdomo wake.

"Kwa utulivu? Ijumaa wa kwanza. Jumamosi wa kwanza. Leo wa mwisho, kati ya ishirini na tano."

Bibi akalala akiangalia dari, akifikiri.

"Ni yule mwanamke na mto wangu," akasema. "Mwakani nakaa upande mwingine."